Kachumbari ya Agosti na Nyonga Yangu

Kama umelazwa na daktari amekuuliza swali ukalijibu nusu, mwite arudi. Usingoje raundi ya kesho. Mwite hata kama ameshafika mlangoni, hata kama mgonjwa wa kitanda cha jirani atakuona msumbufu. Mimi sikumwita, na leo mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto kwa vidole viwili, na swala zangu zote naziswali nimekaa kitini. Nawaandikia wenzangu wenye sikoseli walioko ugenini. Nawaandikia pia wake za watu, kwa sababu ugonjwa wangu ulikuwa na sehemu mbili na moja haikuwa ya damu.

Sikoseli nimezaliwa nayo. Utotoni Muheza, mifupa ikianza kuniuma, mama alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto huku majirani wakimshauri anipeleke kwa mganga. Nilipomfuata mume wangu Stockholm, pamoja na binti yetu Rehema, maumivu yalikuwa yakinijia mara mbili au tatu kwa mwaka, hasa baridi inapoingia. Hospitali walikuwa wameshanizoea. Wananitundikia dripu, wananipa dawa ya maumivu, siku ya tano narudi zangu nyumbani Vårby gård. Wanafunzi wa udaktari waliletwa makundi makundi kunitazama, maana hawakuwa wamemwona mgonjwa wa namna yangu, nami nikawa nalala pale kama mgeni rasmi.

Mume wangu, Hamisi, ni Mrangi wa Kondoa. Aliletwa Sweden kujifunza kazi katika mtambo mmoja mdogo wa kusafishia majitaka, nje kidogo ya jiji. Pale walikuwa na jaribio lao: maji ya vyooni na jikoni yakishasafishwa yalipelekwa kwenye bwawa, yakalala humo majira yote ya baridi, na kiangazi yakarushwa kwenye shayiri na nyasi za ng'ombe. Hamisi aliyapenda maji yale kupita kiasi. Amekua akimwona mama yake akichimba mchanga wa mto mkavu ili apate ndoo moja. Kila siku ilikuwa, mke wangu, tukirudi nyumbani hakuna tone la maji machafu litakalopotea, tutalima mwaka mzima. Nilimwamini, na hata leo namwamini. Maji hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu sisi wawili.

Tulikuwa na kishamba cha kukodi si mbali na maghorofa yetu, tukilima kwa ubia na Nalongo. Huyu ni Mganda, mama wa mapacha, aliyekimbia kwao enzi za mauaji, akakaa Nairobi miaka kadhaa ndipo akaja Stockholm. Anaishi Spånga na anafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Tulipanda mchicha, maboga kwa ajili ya majani yake, vitunguu, giligilani na nyanya. Bomba hapakuwa nalo. Tulitegemea mapipa mawili yaliyokinga mvua kutoka kwenye paa la kibanda.

Mwaka wa 1986, majira ya kuchipua, kinu cha nyuklia cha Warusi kikalipuka na upepo ukatuletea balaa lake. Redioni wakawa wanasema habari za mvua, maziwa na majani, na wengine wetu tulielewa nusu tu. Nalongo hakutaka kusikia nusu ya pili. Alikwenda shambani akapindua mapipa yote mawili, akasema yeye hakuwakimbia askari ili aje auawe na mawingu. Juni ikapita bila mvua ya maana, Julai vilevile, mchicha ukaanza kuinama.

Ndipo Hamisi akaanza kuleta maji ya kazini. Aliyajaza kwenye madumu akayapakia kwenye gari letu kuukuu, mara mbili kwa wiki. Hakuyachota bwawani kulikokuwa mbali, bali kwenye bomba lililo nje ya karakana, mahali maji yanapotoka mtamboni kabla hayajalala popote. Wenzake waliyatumia kumwagilia maua. Bosi wake, mzee Lennart, alikuwa amemweleza mapema kwamba maji yale ni ya shayiri na nyasi, wala yasiguse kitu kinacholiwa kibichi. Hamisi aliniambia sharti hilo huku anacheka. Alisema hilo ni sharti la Waswidi wanaotafuna majani, sisi si mbuzi, mchicha wetu unachemka mpaka unasahau ulikotoka. Nami nikacheka. Wala mimi wala yeye hatukukumbuka kachumbari, kwa sababu kwetu kachumbari si chakula. Ni kitu cha kando ya sahani. Nalongo tulimwambia ni maji ya bomba la kazini, jambo ambalo halikuwa uongo.

Idi ya kuchinja mwaka huo iliangukia katikati ya Agosti. Siku ya pili yake tulipika pilau nyumbani tukaibeba hadi shambani, tukatandika mikeka. Nilichuma nyanya za kwanza kuiva, vitunguu na giligilani, nikakatakata pale pale. Kabla ya kukata nilisuuza kila kitu kwa maji ya dumu. Hili nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote maishani mwangu. Nilijua yametoka wapi. Lakini yalikuwa meupe, yanang'aa kwenye jua, na watu wana njaa.

Siku tatu baadaye wote tuliharisha. Tukaisingizia nyama. Wengine wakapona, na mimi nikameza vidonge vya rangi mbili nilivyokuja navyo kutoka nyumbani, vile tunavyomeza kwa kila kitu kuanzia jino hadi tumbo. Nikapata nafuu. Mwanzoni mwa Septemba nyonga ya kulia ikaanza kuniuma.

Nilidhani ni yale maumivu yangu ya kawaida. Hospitali nao wakadhani hivyo, na wasingeweza kudhani vingine kwa majibu niliyowapa. Nilikaa kwenye chumba cha kungojea na kikaratasi changu cha namba mkononi, mbele ya tangi la samaki ambamo mmoja wao alikuwa akielea kiubavu. Nilipoingia, daktari, dada mmoja mwenye nywele fupi aliyekuwa mdogo kwangu kwa umri, aliniuliza taratibu. Je, nimesafiri? Hapana. Nimeumwa tumbo hivi karibuni? Nikasema hapana, maana niliona aibu ya vile vidonge, nikahofia kuulizwa nani aliniandikia. Nimekula mboga mbichi? Nikasema kwetu hatuli majani mabichi. Hilo la mwisho nililisema kwa moyo safi.

Nikalazwa. Siku ya tano, ambayo kwa desturi ndiyo ya kurudi nyumbani, homa ilikuwa juu kuliko siku ya kwanza. Nyonga ilikuwa imekataa hata uzito wa shuka. Wakanichoma sindano ndefu kwenye kiungo kutafuta wadudu, lakini majimaji waliyoyatoa hayakuota kitu maabara, na leo najua vidonge vyangu vilikuwa na mkono katika hilo. Wakanipa dawa ya wadudu wa kawaida, nayo haikufua dafu.

Jumapili ya kwanza Hamisi alikuja na chakula, kwa sababu nilikuwa nimechoka na viazi vya kuchemsha. Alifungua bakuli la pilau akaliweka juu ya kile kimeza cha magurudumu. Kisha akafungua kikopo kidogo. Kachumbari. Alikuwa amenunua nyanya dukani, alinieleza, kwa sababu za shambani zimekwisha.

Nilikitazama kikopo kile, naye akanitazama ninavyokitazama. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Niliiona sahani ya Idi, nikaliona dumu, nikaliona swali la daktari na jibu nililompa. Nikamwambia afunike. Akafunika. Akaniuliza kama Rehema anahitaji viatu vya baridi, nikasema ndiyo, namba thelathini na moja.

Hapo ndipo ugonjwa wangu wa pili ulipoanza. Kabla sijaolewa nilikaa ndani wiki mbili na somo wangu, bibi mmoja mkali wa Muheza ambaye alinifunda mambo mengi mazuri. Kubwa kuliko yote lilikuwa sitara. Mume na mke ni kusitiriana, alisema, aibu ya mume ni nguo yako wewe, ukimvua yeye umebaki uchi mwenyewe. Nami niliona waziwazi kilichokuwa mbele yetu: nikisema, Hamisi atafukuzwa kazini, mafunzo yatakatishwa, tutarudishwa nyumbani kwa aibu, na lile shamba lake la mwaka mzima litabaki maneno. Nikaamua kunyamaza. Naijua methali ya mficha maradhi, kila Mswahili anaijua. Nilijidanganya kwamba maradhi sijayaficha, nimelala nayo hapa mbele ya hospitali nzima. Nilichoficha ni maji tu.

Wiki zikawa zinahesabiwa kwa chupa za dripu. Mishipa ya mikono ikaisha, wakahamia ya mguuni, kisha ya shingoni. Nywele zilinikatika zikabaki kwenye mto. Paja langu la kulia lilivimba likang'aa, na la kushoto likakonda mpaka likafanana na la mtoto. Macho yakawa ya manjano kama kiini cha yai. Mwanamke niliyemwona kwenye kioo cha bafuni alikuwa shangazi yangu marehemu, si mimi.

Chumbani nilikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi aliyevunjika mguu, mfumaji wa soksi. Hakuniuliza kitu kwa wiki nzima. Siku moja alikigeuza kioo chake cha mkononi akakiegemeza kwenye jagi la maji, kwa namna ambayo mimi niliyelala chali niliweza kuuona mti wa nje ukigeuka rangi. Tangu hapo, kila asubuhi akishakunywa kahawa yake alikirekebisha kioo kwa ajili yangu. Mpaka anaruhusiwa hatukuwa tumezungumza maneno hamsini, nami hadi leo namwombea dua.

Rehema alihamia kwa Nalongo. Alipoletwa kuniona alisimama mbali na kitanda akanijibu kwa Kiswidi kila nilipomsemesha kwa Kiswahili. Nilimwuliza kama amekula. Akasema ndiyo, kwa Kiswidi, akamwangalia Nalongo. Iliniuma kuliko sindano, lakini sikumlaumu. Mama aliyekuwa akimsuka nywele alikuwa amekwenda hospitali, na pale kitandani palikuwa na mtu mwingine.

Nalongo hakuwa mjinga. Alikuwa ameona Hamisi amekoma kuleta maji, ameona mchicha umekauka naye Hamisi hana habari. Jumamosi moja alimtuma Rehema akatazame samaki, akasogeza kiti. Wakati huo daktari alikuwa ametoka kuniuliza kwa mara ya tatu yale yale, nami nimejibu yale yale.

"Zuhura, mimi nimeulizwa na askari," akasema. "Mtu mwenye anaficha kitu namjua. Anajibu haraka, halafu anaangalia ukuta. Lakini huyu daktari si askari. Yeye anataka kukutibu tu."

Nikamwambia sifichi kitu. Akanifunika miguu vizuri, akaenda kumchukua mtoto. Hakunisemesha habari hiyo tena, na kwa namna fulani hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenigombeza.

Hamisi alikuja kila siku baada ya kazi. Alipanda treni kutoka huko kazini kwake, akafika bado na harufu ya sabuni ya karakana, akakaa. Mazungumzo yetu yakawa ya kodi, ya hali ya hewa, ya barua kutoka nyumbani. Wakati mwingine alinikanda miguu kwa mafuta aliyoyapasha kwenye kile chombo cha kupashia chakula cha wodini, na nilimwona anatokwa na machozi. Nikadhani ananihurumia. Nikamhurumia yeye. Nikazidi kunyamaza.

Wiki ya sita picha ilionyesha mfupa wa nyonga umeanza kuliwa. Daktari alituketisha, yaani alimketisha Hamisi, mimi nikiwa kitandani tayari, akasema huenda watalazimika kuukata na kuuondoa, na kwamba kwa homa hii hana hakika mwili wangu utahimili operesheni. Alisema wamekosa jina la mdudu wanayepambana naye. Hakusema kwa lawama. Alikuwa na alama nyeusi chini ya macho, na nilijua kwamba dada huyu alikuwa akisoma vitabu kwa ajili yangu.

Hamisi akasimama. Kiswidi chake ni cha karakana, kifupi.

"Daktari, tulikula nyanya mbichi Agosti. Mimi nilizimwagilia maji ya vyooni kutoka kazini kwetu. Wote tuliharisha. Mke wangu anajua. Ananilinda mimi."

Daktari hakushangaa wala hakumkaripia. Aliuliza ni siku gani, akaandika, akaniuliza kama nilimeza dawa yoyote. Nikasema. Akatoka kwa mwendo ambao hospitalini hawautumii bila sababu. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimeshabadilishiwa dripu. Siku ya nne homa ilishuka, nikaamka shuka imelowa na nina njaa ya kweli. Wakanipasua nyonga wakaiosha, na usaha uliotoka humo ulikuwa na wadudu wa salmonela, kama walivyotarajia baada ya kusikia. Mfupa haukukatwa. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshabonyea, na kilichobonyea hakiinuki. Daktari aliniambia kwa upole, nilipomuuliza mwenyewe, kwamba wangeanza dawa ile Septemba pengine ningetembea kama zamani. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, kisha nikageukia ukutani.

Theluji ya kwanza ilinikuta najifunza magongo. Siku hizo ndipo mzee Lennart alipokuja kuniona, na maandazi ya mdalasini kwenye mfuko wa karatasi. Nilimwogopa. Nilimtarajia na barua. Hakuwa na barua yoyote. Alikaa kwenye kona ya kiti, kofia magotini, akasema Hamisi ni mfanyakazi mzuri na ataendelea, na kwamba kwenye lile bomba la karakana sasa wameweka kufuli na kibao. Ni kosa lake pia, alisema, kibao kilitakiwa kiwepo tangu zamani.

Kisha akasema jambo moja, kwa huzuni ya kawaida tu, bila kujua anachokisema. Alisema inamsikitisha kwamba hakuna aliyempigia simu Septemba, kwa sababu wao huyapima maji kila wiki, na majibu ya Agosti yalionyesha salmonela. Jina lilikuwepo, limeandikwa, limo ndani ya faili kwenye rafu ya ofisi. Simu moja na hospitali ingelipata siku hiyo hiyo.

Hamisi alikuwa amesimama dirishani. Mzee Lennart alipokwisha kuaga na mlango kufungwa, hakugeuka. Nikamwuliza kama alikuwa akijua habari ya faili lile.

"Nilikwenda kulifungua siku ya pili yake," akasema. "Siku ya pili ya ile Jumapili ya pilau. Nikasoma, nikalirudisha rafuni."

"Ukanyamaza wiki tano."

"Nilikuona wewe umenyamaza. Nikasema, mke wangu amenisitiri. Kila nikija hapa nakuja niseme, nakuona umeshaamua, nakubali kusitiriwa siku moja zaidi. Zuhura, siku moja moja tu. Sikuwahi kukubali wiki tano kwa pamoja."

Nimejiuliza mara nyingi ningesema nini kama ningekuwa na nguvu. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada. Nilitaka kumwuliza alikuwa akilia nini aliponikanda miguu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikuwa nimeficha maji, lakini yeye alikuwa amekaa na jina la ugonjwa wangu mfukoni. Na wakati huohuo nilijua kwamba mlango aliojifichia nilimfungia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikidhani ndiyo ndoa. Kama yeyote kati yetu angempenda mwenzake pungufu kidogo tu, ningekuwa natembea.

Nilikuwa nimebanwa na haja ndogo tangu mzee Lennart alipokuwa akiongea. Gongo moja lilikuwa limeangukia chini ya kitanda, na choo kilikuwa upande wa pili wa korido. Nilitamani amwite muuguzi, nilitamani aende zake kabisa. Badala yake nikamnyooshea mkono, naye akaja haraka akanishika kiunoni, tukaenda polepole, mimi nikimwegemea kwa uzito wangu wote na nisimtazame usoni.